Sheria Ionayo Mbali

Sheria ya Kenya ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, yastahili pongezi ambazo haijapewa, kwa kuwa imetambua karama ya mtengenezaji huru wa filamu za hali halisi, yaani yule anayerekodi watu wa kweli wakisema yao bila yeye kuajiriwa na kituo chochote. Sheria hiyo inamtaka kila aombaye leseni ya kupiga filamu aambatishe maelezo kamili ya matukio pamoja na maneno yote yatakayotamkwa katika filamu nzima. Kwa hiyo mjane atakayebomolewa kibanda mwezi ujao hana budi kukiwasilisha kilio chake mapema, kikiwa kimepigwa chapa, naye askari aandike atakachofoka. Mnajimu hutosheka kutabiri kupatwa kwa mwezi; mtengenezaji huyu wa filamu hutakiwa kutabiri hata kikohozi.

Wanaodai kwamba kazi hii haina malipo husahau marupurupu yake. Softie, filamu ya Sam Soko, ilichukua takriban miaka 7, muda unaotosha kuhitimu uzamivu katika kukaza mkanda. I Am Samuel ya Peter Murimi ilipigwa marufuku mwaka 2021, ikaepushwa na gharama za mabango. Mei 2025 watengenezaji 4 walikamatwa Nairobi kwa ajili ya filamu ambayo BBC, iliyoitoa, ilisema hawakushiriki kuiandaa, heshima ambayo wasanii wengine hawaipati hata kwa kazi zao wenyewe. Kijana mwenye kipaji na asisite kujiunga, mradi ayajue majibu kabla ya kuuliza maswali.