Vesti Ikivuka Mpaka

Ningepewa kiti pale forodhani Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, magendo ya kahawa ningewaachia wenyewe. Mimi ningekamata neno moja tu la nguo, nilirudishe lilikotoka. Neno lenyewe ni vesti.

Huku Kasese mjini vesti haina utata. Ni ile nguo nyepesi isiyo na mikono, inayokaa chini ya shati na kunywa jasho. Saa nane mchana, joto la bondeni likishapamba moto, mafundi wa gereji huvua vyote na kubaki nayo, wala hakuna anayewalaumu. Shule za bweni huiandika kwenye orodha ya mahitaji, vesti tatu nyeupe, na muhula ukiisha mtoto anarudi na moja, tena ya mtu mwingine. Lakini mzee mwenye wakwe hatoki barabarani na vesti, labda nyumba iwe inaungua.

Sasa teremka hadi Kikorongo, kata kulia, pita Bwera, uingie Mpondwe siku ya soko. Mama mmoja aliyevuka kutoka Kasindi ananinyanyulia koti la suti, zito, lenye bitana: "Papa, kamata hii veste, iko muzuri sana!" Namwambia, mama, hilo ni koti. Ananitazama kama mtu aliyekimbia shule. Kwao Kifaransa kimeshaamua kwamba veste ndiyo koti. Na huyu si mgeni kwangu! Sisi tunasema Kikonzo, wao Kinande, na tunaelewana mpaka kwenye matusi. Wanaotugombanisha ni Mwingereza na Mfaransa, ambao hapo sokoni hawapo na hawajanunua kitu.

Asili yake ni Kilatini, vestis, yaani nguo, basi. Mwaka 1666 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza akatangaza kwamba ataanza kuvaa vesti, na mtumishi wake wa serikali, Samuel Pepys, akaandika katika shajara yake kuwa nia ilikuwa kuwafunza wakubwa kubana matumizi. Kubana matumizi kwa kushona nguo mpya! Kumbe mambo haya hayakuanzia Kampala. Vesti ya mfalme ilikuwa ndefu, ya kuvaliwa chini ya koti. Baadaye ikafupishwa ikawa kizibao, na Mmarekani ukimtajia vesti hadi leo anafikiria kizibao. Waingereza wakaisukuma ndani mpaka ikagusa ngozi. Wafaransa nao wakaivaa juu ya kila kitu. Kisha Mwingereza akaja kwetu na yake, Mbelgiji akawapelekea wenzetu ile ya Kifaransa, na mpaka wakaupitisha katikati yetu.

Hasara ikamwangukia mjomba wangu. Binti wa ukoo wetu aliposwa na kijana wa Beni, huko Kongo, na kamati ya upande wa bwana harusi ikatuma ujumbe kwa WhatsApp: wanaume wote, vesti nyeusi. Mjomba alishangaa, ila akasema mila za wakwe haziulizwi. Akanunua vesti nyeusi, akaifua, akaipiga pasi, na siku ya harusi akashuka kwenye gari mabega nje, nywele za kifua zikisalimia watu kabla yake. Wakwe, waliojipanga ndani ya makoti yao, walimkaribisha kwa adabu kubwa, na mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba huyo lazima ndiye dereva.

Nilipendekeza tangu siku hiyo tuandike Kiswahili chetu: fulana, kizibao, koti. Nikaambiwa fulana haisaidii, maana vijana watakuja na zile za kampeni, zenye sura ya mgombea kifuani. Kizibao je? Fundi cherehani wa Bwera aliniuliza kama ni kifuniko cha chupa. Na usidhani sisi wenyewe tumetulia. Desemba 2020, Bobi Wine alipokuwa akizunguka kwenye kampeni na vesti ya kuzuia risasi, mjomba alilalamika wiki nzima: kijana mzima, anaomba urais, anavaaje vesti juu ya shati?

Kamati ile ile imetuma ujumbe mwingine, maana sasa kuna ubatizo. Vesti wameifuta, tunashukuru. Safari hii wanaume waje na kostimu. Kwa wenye Kifaransa hiyo ni suti kamili, koti na suruali. Kwetu, tuliosomeshwa na Mwingereza, kostimu ni nguo ya kuogelea. Mjomba amenipigia simu usiku kuuliza kama mtoto anabatizwa kanisani au mtoni Lhubiriha, na kama huko mtoni kuna mahali pa kubadilishia nguo.