Mabati Yangu Yameenda Mwezini

Kwa umri wangu, simu ya saa nne usiku ni msiba au mkopo. Nilipoona jina la mpwa wangu nikaipokea kwa "Kuna nini?" kabla hata hajasalimia.

"Shikamoo Mjomba! Nimepata tuzo!"

Tuzo yenyewe ilikuwa ya safari. Amechaguliwa kwenda kuonyesha kazi yake kwenye mkutano wa wataalamu wa Mwezi, huko ughaibuni, na waandaaji wamemtunuku nauli. Nyuma yake nilimsikia dada yangu akipiga vigelegele kama mahari imeshapokelewa. Na mimi nikajikuta nimesimama na msuli wangu gizani, natabasamu peke yangu.

"Ila Mjomba, kuna kitu kidogo."

Nina miaka 63 katika nchi hii. Sijawahi kukutana na kitu kidogo kilichokuwa kidogo.

Kitu kidogo chenyewe ni kwamba nauli, hoteli na ada ya mkutano analipa yeye kwanza. Akirudi, anakusanya risiti, anawatumia, nao wanamrudishia. Nikamwambia arudie, maana nilidhani mtandao unakata.

Mimi nimefanya kazi ya uhasibu serikalini miaka 31. Masurufu nayajua kama ninavyoijua njia ya kwenda msikitini. Mtu anapewa hela kwanza, anasafiri, anakula, anarudi amenenepa, ndipo sisi tunaanza kumwinda atuletee risiti, naye anatukwepa kwa kupitia mlango wa kantini. Huo ndio utaratibu, una heshima zake. Hawa wenzetu wameugeuza juu chini: wao ndio wanaokaa na hela, na wewe ndiye unayewinda. Kwetu hiyo tungeiita deni. Wao wameipa cheti.

Sasa mpwa wangu, mwanafunzi anayekula chipsi kavu kwa zamu, atatoa wapi nauli ya ndege? Ukoo mzima ukageuka kunitazama. Walijua nina hela ya mabati. Nyumba yangu ya Chanika ilikuwa imefika kwenye lenta, mbao za kenchi zimeshalipiwa, na hela ya mabati ya geji 28 ilikuwa imelala benki kwa amani.

Kazi ya huyu binti, kwa wasiojua, ni kuhesabu mashimo. Kuna chombo cha Marekani kinaitwa Lunar Reconnaissance Orbiter, kinauzunguka Mwezi tangu 2009 na kuupiga picha, na picha hizo zinawekwa wazi, bure, kwa mtu yeyote duniani. Yeye anazishusha kwa bando la usiku, anakaa anahesabu. Kanuni ni kwamba eneo lenye mashimo mengi ni kongwe kuliko lenye machache, kwa kuwa limekaa muda mrefu zaidi likipigwa mawe kutoka angani. Nikamwambia kwa kipimo hicho, barabara ya kuingia kwangu Chanika ilikuwepo kabla ya Nabii Nuhu. Akacheka kwa adabu. Baadaye dada aliniambia kila mtu wa ukoo ameshamtania hivyo hivyo.

Kwa hiyo sayansi yenyewe, ukiitazama, inagharimu bando. Gharama ni kwenda kusimama saa mbili pembeni ya bango lako, umevaa kitambulisho shingoni, ili mzungu mwenye ndevu apite aseme "safi sana" na kwenda kutafuta kahawa. Lakini usipokwenda, anasema, hakuna anayekujua, na asiyejulikana hapati nafasi ya kusoma zaidi. Hapo sikuwa na la kujibu. Hata uhasibuni ilikuwa hivyo hivyo.

Nisiwaonee wote. Wapo wanaomfikiria mtoto wa mbali. Taasisi moja ya Tucson, Arizona, iitwayo Planetary Science Institute, ina tuzo ya safari ya kumkumbuka Betty Pierazzo, mama wa Kiitaliano aliyekuwa bingwa wa mambo ya vimondo vinavyogonga sayari, aliyefariki 2011. Tuzo moja humwendea mwanafunzi wa Marekani anayetoka nje, nyingine mwanafunzi wa nje anayekwenda mkutanoni Marekani. Mpwa wangu aliisikia siku mbili baada ya tarehe ya mwisho kupita, kwa sababu tarehe za mwisho zina tabia hiyo.

Basi ili kunituliza, akanisimulia habari ya Buzz Aldrin. Huyu bwana alikwenda Mwezini mwaka 1969, na aliporudi akajaza fomu ya safari kama mtumishi mwingine yeyote. Fomu hiyo aliionyesha hadharani mwaka 2015. Ametoka Houston, akapita Cape Kennedy, Mwezini, Bahari ya Pasifiki, Hawaii, akarudi Houston. Jumla ya madai: dola 33 na senti 31. Chakula na malazi, imeandikwa, alipewa na serikali.

Alidhani nitafurahi. Usiku ule sikulala. Dola 33! Mwezini kwenda na kurudi! Na mimi natakiwa kutoa mabati yote ya vyumba vinne na baraza ili mtoto akauzungumzie tu huo Mwezi, akiwa chini, kwenye hoteli yenye zulia.

Nikatoa. Kabla hata ya safari, hela yangu ikaenda kufanyiwa usaili wa viza, maana ubalozini walitaka kuona salio benki, na salio lilikuwa ni mabati. Ikafaulu. Yeye akapanda ndege na bango lake ndani ya bomba refu la plastiki. Kila alipokaguliwa, anasema, aliulizwa kama ni bunduki.

Alirudi na furaha tele, na peremende za hotelini mkoba mzima. Ndipo likaja suala la risiti. Waandaaji, ambao siwataji kwa kuwa bado nawaogopa, walitaka uthibitisho wa kila senti. Ya ndege ilikuwepo. Hoteli ilikuwepo. Ila kutoka nyumbani kwao hadi uwanja wa ndege alikwenda kwa bajaji, saa nane za usiku, na dereva wa bajaji wa saa nane za usiku hana mashine ya EFD. Nikamtafuta yule kijana kijiweni siku tatu. Akaniandikia kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi iliyofungiwa vitumbua: "Nimepokea elfu ishirini na tano, uwanja wa ndege, dada wa bango." Akaweka sahihi na alama ya mafuta. Tukaipiga picha, tukaituma.

Wakajibu kwa upole mkubwa: tuambatanishe tafsiri iliyothibitishwa. Mtafsiri wa kuthibitisha alitaka elfu arobaini.

Hela ilirudi mwezi wa saba tangu asafiri, imekatwa huku na makato ya benki, kule na bei ya kubadilishia dola, na ilipofika kwenye hela ya madafu ilikuwa imechoka. Mabati yenyewe, naye fundi alikuwa amenionya, hayakuwa yamenisubiri kwa bei ileile.

Aliniletea mwenyewe Chanika, jioni, noti zikiwa ndani ya bahasha. Tukakaa sebuleni juu ya ndoo za rangi, na kwa vile sebule haina paa, Mwezi ulikuwa umetutokea wote wawili. Akaanza kunionyesha: lile doa jeusi ni Bahari ya Utulivu, ndipo aliposhuka Aldrin. Akanieleza habari za Eugene Shoemaker, ambaye ndiye aliyewafundisha watu wake hawa wa Mwezi kuyasoma mashimo. Alitamani sana kwenda Mwezini, ugonjwa ukamzuia. Akafa kwa ajali ya gari Australia mwaka 1997, na NASA wakapeleka sehemu ya majivu yake ndani ya chombo cha Lunar Prospector, ambacho miaka miwili baada ya kifo chake kiliangushwa karibu na ncha ya kusini, kwenye shimo ambalo sasa lina jina lake. Kuna na medali ya jina lake, na wa kwanza kutunukiwa, mwaka 2009, ni yeye mwenyewe.

"Tunaweza kumwona?"

"Hapana, Mjomba. Chini ya shimo lile jua halifiki."

"Na nauli yake nani alilipa?"

"NASA."

"Kabla au baada?"

Akafikiri kidogo. "Kabla, Mjomba."

Nikarudia kuhesabu zile noti. Ilipungua elfu kumi.

"Hiyo nimekatia bando," akasema.