Bima ya Mwili Mzima, Kichwa Baadaye

Marekani wana sheria inayosema kichwa nacho ni sehemu ya mwili. Msicheke, iliwachukua miaka. Ya kwanza, ya 1996, ilikataza bima kuweka kikomo cha dola kilicho kidogo zaidi kwa magonjwa ya akili. Makampuni yakatii mpaka nukta ya mwisho: dola hayakuzigusa, yakapunguza siku za kulazwa na mara za kumwona daktari. Walevi na watumiaji wa unga hawakuwamo kabisa.

Mwaka 2008 ikaja nyingine ya kuziba mianya. Haikuingia kwa mlango wake. Ilidandia muswada wa kuokoa mabenki, dola bilioni 700, na George W. Bush akautia saini tarehe 3 Oktoba. Wiki ile, nadhani, wenye mabenki ndio waliokuwa wagonjwa mahututi.

Nayo isomeni vizuri. Haiilazimishi bima kutibu akili. Inasema tu, ukijitolea kuitibu, itibu sawa na mguu. Sasa mwenye mguu uliovunjika nani humuuliza kila baada ya siku chache kama kweli bado anaihitaji plasta? Anayejaribu kuacha heroini huulizwa. Na orodha ya madaktari hupewa, ndefu ya kutosha: huyu kahama, yule hapokei wagonjwa wapya, wa tatu ni marehemu, lakini bado anakubali bima yako. Endelea kusubiri kwenye simu. Muziki wanaokupigia unatuliza mawazo, na hauhitaji kibali cha bima.