Mgomba Kwenye Dari



 Shangazi, wewe uliyeivika friji kitambaa cha kufuma, juu yake ukaweka maua ya plastiki, na maua yenyewe ukayafunika nailoni yasishike vumbi: nimekupatia ndugu. Alifariki 1830, ila nyumba yake ipo Brighton, pwani ya kusini ya huku Uingereza.

Ndugu yako huyo, George, aliianza akiwa mrithi wa ufalme, madeni yamemfika shingoni, akaimaliza akiwa Mfalme George wa Nne. Mwaka 1815 fundi John Nash alianza kuigeuza, akaivika mifupa ya chuma na kupandisha makuba ya Kihindi. Ukiiona kwa nje utavua viatu. Ingia ndani sasa: Uchina mtupu! Majoka kila upande, na ngazi ya chuma iliyofinyangwa na kupakwa rangi ili ionekane ya mianzi. Si mfalme si fundi, hakuna aliyewahi kukanyaga India wala Uchina.

Chumba cha kulia ndicho kiboko. Kwenye dari yametanda majani ya mgomba, makubwa kama tanga la jahazi. Hapo linaning'inia joka la rangi ya fedha, na kwenye kucha zake taa ya vioo, urefu mita 9 hivi, uzito karibu tani nzima, imezungukwa na vijoka 6 vinavyotema mwanga. Na watu walikaa chini yake wakanywa supu! Mimi ningelia mlangoni, sahani mkononi. Jikoni nako nguzo za chuma zimechipua makuti ya shaba. Minazi na migomba, shangazi, tunayoipita shambani bila kuitazama, huku inakatiwa tiketi.

Malkia Victoria haikumkaa moyoni. 1850 ikauzwa kwa mji. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja ikawa hospitali ya askari Wahindi. Maskini, umejeruhiwa Ufaransa, unafumbua macho unakuta joka.

Nilikwenda na jirani yangu Mwingereza, mwenye ukuta mweupe, kochi la kijivu na paka wa kijivu. Tulipotoka akasema, “Imezidi kidogo.” Kidogo! Nikamwonyesha picha ya sebule yako. Akaitazama kimya, kisha akauliza kitambaa cha friji kinachukua siku ngapi kufuma. Nitumie bei haraka, na nauli ya posta uiweke juu. Ana hela huyu.