Kipa wa Shemeji

Kila Agosti, kabla Ligi Kuu ya Uingereza haijaanza, tunakutana wanane kwenye kijiwe cha nyama choma Majengo, Moshi, kugawana wachezaji wa FPL, ule mchezo wa kuunda timu ya kufikirika na kupata pointi kwa jinsi wachezaji halisi wanavyocheza. Si ile ya wote, ambayo unapewa pauni milioni 100 za kufikirika na mji mzima unaishia kuwa na Haaland. Yetu ni ya zamu. Ukishamchukua mchezaji ni wako peke yako. Wa nane akichagua anachagua tena, kisha zamu inarudi kinyumenyume hadi kwa wa kwanza, mpaka kila mtu awe na watu 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano, washambuliaji watatu.

Mambo haya yana wazee wake. Mwaka 1980, New York, Daniel Okrent na wenzake waligawana wachezaji wa besiboli, wakaupa mchezo wao jina la mgahawa walimokuwa wakikutana, La Rotisserie Française. Kumbe nao walianzia kwenye nyama, maana rotisserie ni mahali pa nyama ya kuchoma.

Agosti 2025 kura ilimpa mwenzetu Mwalimu zamu ya kwanza. Akamchukua Salah bila kupepesa: pointi 344 msimu uliotangulia, rekodi ya mchezo. Hakuna aliyemkumbusha kwamba Desemba kuna AFCON Morocco. Kwa nini tumkumbushe? Wa pili, mama mmoja auzaye maparachichi soko la Mbuyuni, ambaye mpira huusikia redioni akipanga mafungu, akamchukua Haaland. Wa tatu akawa shemeji yangu, Arsenal damu. Akasimama.

"Raya!"

Kipa. Chaguo la tatu la usiku mzima. Tukamtazama kama mtu aliyeenda posa na mahari ya mtu mwingine. "Glovu ya Dhahabu misimu miwili mfululizo," akajitetea.

Mimi ndiye karani, kwa hiyo hesabu naifahamu. Wanane mara washambuliaji watatu ni 24, na klabu ziko 20, nyingi zikianza na straika mmoja. Lazima wengine waondoke na straika wa benchi. Makipa tunahitaji 16 tu, na kila klabu ina wake wa kwanza. Wanabaki wanne wenye namba na hawana mwenyewe. Isitoshe, kipa asiporuhusu bao hupata pointi nne zilezile, awe Raya au wa timu inayopigania kutoshuka. Kanada watu hugawana hivi wachezaji wa magongo ya barafuni, na kule kipa ni mali kweli, shemeji angeheshimika. Kwetu barafu iko Kibo tu, na wanaoifuata hupanda na fimbo za kutembelea.

Yule mama hakuhitaji kalamu. "Mimi nanunua kwanza kinachowahi kuisha," akasema, akaongeza straika wa pili. Sisi tukaendelea kubishana kama kipa ana faida, mpaka mpishi akaja kutuarifu kuwa ini limeisha, mbavu zimeisha, imebaki shingo. Ini lilikuwa kwenye sahani ya mama.

Kufika Novemba straika wa shemeji tulimjua kwa koti, maana kila Jumamosi kamera ilimkuta benchi. Desemba barabara za mlimani zikajaa magari ya Dar, Mwalimu akapanda Machame kula Krismasi huku Salah wake yuko Morocco, na shemeji akapiga simu Mbuyuni kutoka Kibosho, juu ya mgomba wenye mtandao, kwa mujibu wake.

"Mama, nikupe Raya na straika wangu, unipe kipa wako na straika wako wa tatu. Naongeza mkungu wa mshare."

"Mwanangu, kipa wangu hata jina simjui, lakini anadaka. Ndizi lete."

Mkungu ulishuka na Noah tarehe 24. Shemeji anasema ni zawadi ya sikukuu.