Udongoni: Nchi Iliyoziba Pumzi Yake

Paukwa! Pakawa!

Mvua ya kwanza ikinyesha kwenye miombo ya Tabora, jioni kumbikumbi hutoka ardhini kama moshi. Watoto hutega beseni la maji chini ya taa, kuku hula mpaka wanaelemewa, na asubuhi kinachobaki ni mabawa, yamegandama kwenye mchanga uliolowa kama maganda ya kitunguu. Watu huyakanyaga bila kuyatazama. Lakini nchi ya Udongoni ilianzia hapo, kwenye mabawa manane: manne ya Mama na manne ya Baba. Waliyavua wenyewe. Kumbikumbi akishavua mabawa amekula kiapo kwamba hataruka tena, na kwamba pale alipotua ndipo kwao.

Walichimba kishimo, wakajifungia ndani, wakalea watoto wa kwanza bila kuonja chakula cha nje. Waliwalisha kwa akiba ya miili yao, hata ile misuli iliyokuwa ikiendesha mabawa ikayeyuka ikawa uji. Historia ya Udongoni, kila ilipohadithiwa mashambani, ilianzia hapo: wazazi wawili walioyeyusha mabega yao ili watoto wanywe.

Watoto walipokomaa walitoka kutafuta mbegu. Mchwa wa Udongoni hutafuna kuni na majani makavu, lakini tumbo lake peke yake haliwezi kuvimaliza. Huvipitisha mwilini upesi, akavipanga kuwa vitanda, na juu ya vitanda hivyo akaotesha ukungu mweupe. Ukungu ndio unaolainisha kuni zikawa chakula. Mbegu ya ukungu ule hawakuzaliwa nayo. Waliiokota nje, kwenye vumbi lililodondoshwa na uyoga uliochipua juu ya kichuguu cha jirani. Shamba la kwanza la Udongoni lilipandwa mbegu ya nchi nyingine, na wazee waliwahimiza vijana wasilisahau jambo hilo.

Nchi ikakua. Chini kabisa palikuwa Visimani, njia zilizochimbwa kufuata udongo wenye unyevu hata wakati wa kiangazi. Juu yake palikuwa Mashambani, vyumba mia kwa mia vya ukungu mweupe. Katikati ya mashamba palikuwa Kiini, chumba cha udongo mgumu walimokaa Mama na Baba. Juu ya yote palikuwa Mabombani, mapito marefu yaliyopanda hadi kwenye ngozi ya kichuguu, ambayo hewa chafu ilitolea na hewa safi ikaingilia. Jua likiwaka au usiku wa Juni ukiuma, Mashambani joto lilibaki karibu nyuzi 30, kwa sababu ukungu ukizidi joto hufa na ukizidi baridi hulala. Mabombani palikuwa mapafu ya nchi.

Mama alikuwa amenenepa akawa mrefu kama kidole cha mtu mzima, hawezi kugeuka wala kutembea. Kiini kilikuwa na matundu madogo ya kupita watoto tu. Mchana na usiku alitaga, maelfu ya mayai kila siku, na vibarua wadogo wakamlisha, wakamlamba, wakabeba harufu yake na kuipitisha mdomo kwa mdomo mpaka Visimani. Harufu ile ilisema neno moja tu: Mama yupo. Haikuwa na amri ndani yake.

Nani basi alitawala? Kulikuwa na sheria moja: ukikuta tonge, weka tonge. Kibarua alichukua chembe ya udongo, akailowesha kwa mate, akaibandika penye ufa. Aliyefuata aliinusa ingali mbichi, akaongeza ya kwake. Wote walikuwa vipofu, na hakuna aliyewahi kuuona ukuta mzima. Hata hivyo ukuta ulisimama, ukapita kimo cha mtu, kwa sababu kila mmoja alisoma kazi ya mwenzake kwa vipapasio na kuiendeleza.

Palikuwa na desturi nyingine ninayoipenda kuliko zote. Kazi za ndani, za kulea na kulima, walipewa vijana. Kazi ya nje, ya kukata majani njiani mwa ndege na sisimizi, waliifanya waliozeeka. Udongoni mzee ndiye aliyekwenda kwenye hatari, ili kijana apate siku zake.

Na askari? Askari alizaliwa na kichwa kikubwa chekundu na meno marefu kama koleo la mhunzi. Meno yale yalikata adui vipande, lakini yalishindwa kutafuna hata punje ya ukungu. Askari alilishwa mdomoni na vibarua, maisha yake yote. Hakuna aliyeona hilo kuwa aibu. Wote walizaliwa tumbo moja, wakaitana kaka na dada.

Muhanga alikuja usiku, kama ajavyo sikuzote. Kucha zake zilipasua ukuta wa mashariki, na ulimi wake mrefu ukaingia njia kwa njia. Askari waligonga vichwa ukutani, ngoma ya hatari ikasikika nchi nzima, vibarua wakakimbilia ndani, askari wakatoka. Muhanga aliposhiba akaenda zake, na sisimizi wakaanza kunyemelea ufa. Hapo vibarua walirudi na matonge. Walijenga kutoka ndani, askari wakasimama nje wakiwa wamewapa mgongo. Ukuta ulipofungwa, askari mia walikuwa upande wa pili. Walijua tangu mwanzo kwamba itakuwa hivyo. Hakuna hata mmoja aliyegonga kuomba afunguliwe.

Askari mmoja aliyepaswa kuwa nao alisalia ndani. Jina lake Koleo. Hakuwa mwoga, njia aliyopita ilibomoka ikamzuia. Lakini tangu usiku ule moyo wake haukutulia.

"Ndugu zangu," aliwaambia vibarua, "mmesikia wenzangu walivyokwisha huko nje. Leo ni wao, kesho ni Mama. Nani anamlinda Mama?"

Vibarua walinyamaza. Swali lilikuwa na uchungu wa kweli ndani yake, na swali la namna hiyo ni gumu kulikataa. Koleo akaweka askari kumi kwenye matundu ya Kiini. Baadaye wakawa mia, kisha elfu. Mlinzi wa mlango hujua anayeingia na anayetoka, na baada ya muda husadiki kwamba anajua pia kinachofikiriwa ndani. Ndipo likazaliwa neno ambalo Udongoni haikuwahi kulisikia: "Mama kasema."

Siku moja kibarua mzee aitwaye Tonge alikuwa akipanda Mabombani na udongo mdomoni. Mvua ilikuwa imekula ukingo wa bomba moja.

"Dada," Koleo alimwambia, "udongo huo upeleke Kiinini. Mama kasema ukuta wake uongezwe."

Tonge akatua mzigo. "Kaka, Mama kasema lini? Nilipokuwa mdogo nilimlisha. Nimelamba ubavu wake siku nyingi kuliko ulizoishi wewe. Sikuwahi kusikia neno likitoka kwake."

"Sasa amesema."

"Amesema yeye, au umesema wewe?"

Koleo hakujibu. Aligonga kichwa ukutani. Ngoma ya hatari ikapita njia zote, na vibarua, kama walivyofundishwa na wakubwa wao, wakaacha kazi na kujificha. Hapakuwa na muhanga, hapakuwa na sisimizi. Palikuwa na swali tu. Tangu siku ile, kila lilipotokea swali, ngoma ilipigwa.

Ukuta wa Kiini ukanenepa. Udongo wa kuziba nyufa ukaenda huko, udongo wa Visimani ukaenda huko. Kisha ikatoka amri nyingine: kila tundu ni mlango wa adui, mabomba yazibwe. Vibarua wakaziba. Matundu ya Kiini nayo yakapunguzwa, likabaki moja, na penye lile moja akasimama Koleo.

Nchi ina pumzi mbili: hewa inayopanda na habari inayoshuka. Udongoni ilizizuia zote mbili ndani ya msimu mmoja. Mashambani joto likapanda. Vijana wakaanza kusinzia juu ya kazi, vipapasio vimelegea. Kwenye vitanda vya kaskazini ukungu mweupe ukapauka, na kati yake vikachomoza vidole vyeusi vya ukungu mwingine, ule ambao siku zote hungoja pembeni shamba lidhoofike. Vijana walikwenda Kiinini kutoa habari. Walirudishwa. "Msimsumbue Mama," waliambiwa. Walipokwenda mara ya pili waliambiwa wanaeneza hofu, na ngoma ikapigwa.

Harufu ya Mama ikaanza kufifia. Ilikuwa ikipita kwenye matundu mengi kwa ndimi nyingi. Sasa ilipita kwenye tundu moja, kwa ndimi za waliochaguliwa. Kule Visimani wakaanza kuulizana kwa kunong'ona kama Mama yupo. Ukuta uliojengwa ili Mama asipotee ndio uliompoteza.

Muhanga aliporudi hakuchimba sana. Alipasua upande mmoja kama zamani, akala kidogo, akaondoka. Jeraha lile Udongoni ya zamani ingelifunga kabla ya alfajiri. Safari hii ngoma ilipigwa na wengi hawakuinuka, wengine kwa kukosa nguvu, wengine kwa kuizoea. Sisimizi wakaingia kwa safu.

Koleo alikimbilia Kiinini akakuta kimya. Ukuta ulikuwa mzima, hauna hata ufa. Ndani, Mama na Baba walikuwa wamekufa kwa njaa na joto, wamelala ubavu kwa ubavu kama siku ile ya mvua ya kwanza.

Alitoka akitangatanga mpaka shamba moja la chini, ambalo lilikuwa bado jeupe. Siku tatu hakuna aliyemlisha, maana waliomlisha walikuwa wamekufa. Alisimama kati ya vitanda vya chakula, akayafungua meno yake makubwa na kuyafunga, akayafungua na kuyafunga, na hakuweza kuuma hata punje.

Tonge alimkuta hapo. Alikuwa na vibarua wachache waliokataa kuziba bomba moja la upande ule, bomba jembamba, na kwa pumzi ya bomba lile shamba lilikuwa limepona.

"Fungua mdomo, kaka," alimwambia.

Akamlisha, mdomo kwa mdomo, kama vibarua walivyowalisha askari tangu nchi ilipoanza. Koleo alipomeza alitulia kwa muda mrefu.

"Dada, nilidhani nalinda."

"Najua. Ulisimama ukiutazama mlango wa Mama, ukatupa sisi mgongo. Wenzako walitupa mgongo pia, ila wao walikuwa wakimtazama adui."

Kelele za sisimizi zilikuwa zimefika kwenye njia ya juu. Koleo alipanda, akageukia giza. "Anza kujenga," alisema. Tonge akaweka tonge la kwanza nyuma yake, wenzake wakaongeza. Lilipobaki tundu la mwisho Tonge alisita, na sauti ya Koleo ikaja kutoka upande wa pili: "Ziba, dada. Hili ndilo la kuziba."

Wakaziba.

Bila Mama, watoto wale wachache hawakuwa na kizazi cha kuwafuata, nao walijua. Hata hivyo walilima. Walilinda bomba lao na kitanda chao cha mwisho mpaka mvua iliporudi, na siku moja uyoga ukapasua udongo mgumu, ukatoka nje mweupe, ukafungua mwavuli wake juani. Vumbi lake likachukuliwa na upepo. Hatua chache kutoka pale, kumbikumbi wawili walikuwa wamevua mabawa yao, na watoto wao wa kwanza walikuwa nje wakitafuta mbegu.

Vipo vichuguu kwenye miombo ya Katanga vilivyopimwa umri vikakutwa vina zaidi ya miaka 2,000. Hakuna Mama aliyeishi miaka hiyo, hakuna askari, hakuna kibarua. Wamekuja na kuondoka wasiohesabika, na udongo umebaki ukipokea matonge. Nchi ni kubwa na ya kale kuliko yeyote anayekaa katikati yake, na anayesema kwa jina lake sharti aulizwe kila siku kama ni nchi iliyosema au ni yeye kasingizia.

Mtoto mmoja wa nchi ile changa alifika kwenye uyoga wa Udongoni, akapapasa vumbi lake, akalibeba. Wenzake walipomuuliza mbegu ameitoa wapi, alijibu kama alivyojibu mtoto wa kwanza wa Udongoni zamani zile: kwa jirani.

Hadithi yangu imeishia hapo.