Fadhila za Bahasha ya Kaki

Wausifuo mkoa wa Shinyanga aghalabu hutazama chini ya ardhi. Tangu mwaka 1940, John Williamson alipoivumbua almasi ya Mwadui, na zaidi tangu dhahabu ya Bulyanhulu na ya jirani zetu wa Geita ilipoanza kuchimbwa kwa mitambo mikubwa, imekuwa ada ya kila msafiri apitaye nchi hii kutikisa kichwa na kusema kwamba Mwenyezi Mungu aliijalia neema iliyofichwa. Sina ugomvi na madini. Lakini mtu akisimama asubuhi kituoni pale Samuye ataiona hazina nyingine itembeayo kwa miguu yake yenyewe, isiyotozwa mrabaha, isiyolindwa na askari, wala isiyopungua kwa kadiri itumiwavyo: kijana mwenye cheti cha ualimu, shati limepigwa pasi, bahasha ya kaki kwapani, anangoja gari la mjini akaombe kazi ya serikali. Huyo, na hicho alichokishika, sijasikia wasifiwe na mtu. Nami kwa kalamu hii dhaifu nimekusudia kuuondoa upungufu huo.

Nasaba ya uombaji si ya kale. Zilikuwapo zama za giza ambapo kazi ndiyo iliyomfuata mtu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoagiza kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe darasani, na ikadhihirika kuwa watoto walikuwa wengi na walimu hawakuwapo, serikali iliwatwaa makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafunza huko huko vijijini huku wakifundisha, nao wakaitwa walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote. Katika miaka ya 2000, sekondari za kata zilipochipua kila upande, wakatwaliwa wa kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache, na watu wenye ulimi wakawabatiza voda fasta. Ama mhitimu wa chuo cha ualimu, yeye hakuwa na la kufanya ila kungoja orodha ya vituo, asome jina lake, afunge sanduku lake aende Nachingwea au Ngara. Hakuna aliyemhoji, hakuna aliyemchuja, na hakuna aliyempa fursa ya kujua jinsi asivyohitajiwa. Na mtu asiyepata kulijua hilo ujanani, nani atamfunza unyenyekevu uzeeni?

Rehema ilianza kushuka mwaka 2015. Orodha za vituo zikasita, ilhali vyuo havikusita; ukafuata uhakiki wa vyeti, hata Aprili 2017 Rais Magufuli akakabidhiwa mjini Dodoma taarifa iliyowataja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi; na karatasi, ambayo zamani ilikuwa shahidi wa mtu, ikawa hakimu wake. Hapo ndipo uombaji ulipobaleghe.

Itazameni elimu itolewayo na uombaji. Chuoni kijana alifunzwa saikolojia ya mtoto na maandalio ya somo. Steshenari hufunzwa mambo ya nchi. Hujua kwamba tangazo la kizazi si cheti cha kuzaliwa, na kwamba anayefikiri ni kitu kimoja atarudi RITA apange foleni hadi atofautishe. Hujua kwamba namba ya NIDA ina tarakimu 20 na kwamba ikikosewa moja yeye si Mtanzania kwa muda. Hujua kwamba nakala isiyogongwa muhuri wa wakili haina thamani hata ikiwa imetolewa mbele ya macho ya mwenye cheti. Binti wa steshenari, mwenye skana moja na mashine moja ya kutolea nakala, huzichukua karatasi hizo kwa ncha za vidole, huzinyoosha juu ya kioo, hufunika kifuniko, hungoja ile taa ya kijani ipite chini yake kwa mwendo wa kinyonga, kisha husema bila kuinua macho kwamba faili ni zito, mfumo hautalipokea, na kulipunguza ni pesa nyingine. Kijana hutoa pesa nyingine. Umeme ukikatika kati ya cheti cha kidato cha nne na cha sita, wote wawili hukaa kimya, kila mmoja akiitazama barabara, na hapo subira, ambayo maimamu na mapadri huihubiri mwaka mzima kwa mafanikio haba, huingia moyoni mwa mtu bila ya hotuba.

Na hapa Usukumani kuna somo la ziada ambalo ndugu zetu wa pwani hawakubahatika kulisoma. Mtoto aliyepewa na babu yake jina la Ng'wandu huandikwa Mwandu na mwalimu aliyemwandikisha darasa la kwanza, huwa Ngwandu katika cheti cha sekondari, na hubaki Ng'wandu katika kitambulisho cha Taifa endapo karani wa siku hiyo aliijali ile alama ndogo ya juu. Basi watu watatu hao hukutana ndani ya bahasha moja na kukanana. Hapo kijana hana budi kwenda kwa wakili kula kiapo kwamba Mwandu na Ngwandu na Ng'wandu ni mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ndiye yeye. Wanafalsafa wangapi, wa Uyunani na wa Baghdadi, wameaga dunia bila ya kupata hati yenye muhuri na saini ithibitishayo kwamba wao ni wao?

Siwezi kupita bila ya kuigusa fasihi ya tangazo la kazi lenyewe, ambayo kwa ufasaha na kina cha hisia haina mfano katika maandishi ya siku hizi. Barua iandikwe kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, sanduku ambalo kijana wa Samuye hulijua kwa moyo kuliko la ukoo wake. Hati za matokeo za muda hazikubaliwi. Umri usizidi miaka 45, sharti ambalo zamani lilichekesha na sasa linaanza kusomwa kwa makini. Watajwe wadhamini watatu wa kuaminika, nao hutafutwa miongoni mwa watu ambao wameajiriwa, jambo ambalo huifanya kazi ya kuwapata watatu kuwa safari ya wilaya mbili. Na penye kilele cha utungo, wakati majina ya walioitwa kwenye usaili yametoka na moyo wa msomaji umekwisha kuruka, huja ule mstari mfupi usemao kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Hapo mshairi mdogo angeongeza pole. Huyu hakuongeza kitu.

Wako wanaokejeli wingi wa waombaji, kana kwamba wingi ni aibu. Mimi naona ndani yake usawa ambao siasa zetu zimeutafuta tangu Uhuru. Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipohitaji watu 70, zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, wamekaa kwa nidhamu mahali ambapo kwa kawaida watu hupigana makelele. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Na mwanzoni mwa mwaka huo huo, walimu zaidi ya 200,000 walijitokeza kwa nafasi zisizofika 15,000, wakafanyiwa mtihani wa mchujo mikoani mwao, mtu wa shahada aliyehitimu 2016 akiketi dawati moja na mdogo wake aliyefundishwa naye. Sherehe gani, mkutano gani wa hadhara, harusi gani ya sultani iliyopata kuwakutanisha wasomi wengi kiasi hicho bila ya kuwapikia pilau?

Nyumbani nako uombaji umeleta mazungumzo. Mama, arudipo jioni kutoka katika dengu zake, huuliza, "Ng'wanawane, hao wa Dodoma wamesemaje?" Naye kijana hujibu kwa adabu, "Mayu, imepokelewa." Hasemi uongo: mfumo waonyesha hivyo hivyo, na ombi limekaa katika hali hiyo ya kupokelewa tangu mpunga ulipokuwa kitaluni hadi ulipoingia ghalani. Baba, ambaye aliuza ng'ombe ili ada ya chuo itimie, haulizi. Huwaangalia waliobaki zizini na kuhesabu kimoyomoyo.

Lakini fadhila iliyo kubwa kupita zote bado sijaitaja. Serikali ilipofuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, watoto walimiminika shuleni kwa wingi ambao hakuna aliyeujengea madarasa wala kuuandalia walimu. Na mtu akichungulia leo katika darasa la kwanza la shule nyingi za vijijini, mbele ya watoto waliobanana hadi ukutani, atamkuta kijana aliyeshika chaki, anaimbisha irabu, anamfuta kamasi aliye karibu, anamtenganisha anayepigana, na anafanya yote hayo kwa ustadi ambao waliomfunza chuoni wangejivunia. Huyo si mtumishi. Ni mwombaji. Amekuja kujitolea ili siku moja mwalimu mkuu amwandikie barua ya kuthibitisha kwamba alijitolea, na barua hiyo aiambatishe. Mshahara wake ni mchango wa wazazi, ambao kwa mujibu wa miongozo ni wa hiari, kwa hiyo hiari ya mwalimu hulipwa kwa hiari ya mzazi, na hiari ya mzazi hutegemea bei ya pamba. Msimu ukiwa mbaya huletewa michembe ya viazi. Mhasibu gani wa Hazina angebuni njia ya kuendesha shule iliyo nafuu kuliko hii? Tumaini halina makato, halidai malimbikizo, halipandi daraja, wala halistaafu.

Haki yataka niseme kwamba mkoa huu uliwahi kuonja utaratibu mwingine. Mpango wa EQUIP-T, uliogharimiwa na Uingereza na kutekelezwa pamoja na serikali tangu 2014, uliweka vijijini walimu jamii, watu waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe ili kuwaandaa watoto kwa hadithi na michezo kabla ya darasa la kwanza, nao wakapewa posho ndogo. Watoto walifurahi. Mwaka 2020 mpango ukafikia kikomo, fedha za wageni zikarudi zilikotoka, na mwombaji akabaki mahali pake, asiye na mfadhili na kwa hiyo asiye na tarehe ya mwisho.

Wengine humlinganisha mwombaji na mwanaapolo wa Nyarugusu kule Geita, ambaye huingia duarani, yaani shimoni, bila ya mshahara, akala kwa ahadi ya mgawo, na huenda akachimba miezi asione mwamba wenye kitu. Ulinganisho huo hauko mbali, ila humpendelea mwanaapolo. Yeye angalau hulishwa na mwenye duara. Jiwe lake likipita kwenye karasha na lisipotoa kitu, huambiwa siku hiyo hiyo, na marudio yake, yaani mabaki yaliyokwisha kusagwa, hupata mnunuzi. Mwombaji ambaye jina lake halikutokea huambiwa asisite kuomba tena, na wengi wa vijana wa ukanda huu, nimewasikia, hufanya kazi zote mbili kwa zamu: likizo machimboni, muhula darasani, na pesa ya mawe ndiyo inunuayo bando la kutuma maombi. Hivyo ndivyo dhahabu ya Geita, ambayo watu hulalamika kwamba haiwafikii wananchi, ifikavyo katika elimu ya msingi.

Wakenya walijaribu kuuharibu uzuri huu. Walipowachukua vijana kufundisha sekondari za chini kwa mkataba wa mafunzo kazini, kwa shilingi zao 20,000 kabla ya makato, vijana hao hawakuona neema iliyokuwamo, na Mei 2024 waligoma wakadai ajira ya kudumu. Afrika Kusini nayo, tangu Desemba 2020, huwalipa wasaidizi vijana mashuleni posho kwa miezi kadhaa, kisha mkataba huisha na kila mtu hurudishwa katika kuomba. Njia hii ina busara yake, kwa kuwa humwonjesha mtu kazi ili aiombe kwa ufasaha zaidi. Hata kwetu, wahitimu wa tangu 2015 hadi 2023 wameunda umoja wa walimu wasio na ajira, NETO, nao husema kwa sauti kile ambacho wengine husema wakiwa kwenye foleni ya wakili.

Nawasihi wanaodai kwamba vijana hawa waajiriwe wote kesho, watafakari kwanza yatakayofuata. Kijana wa Samuye akiitwa kazini, barua haitampanga Samuye. Itampanga Tunduru au Nkasi, naye atauza baiskeli, atapanda basi, na ataripoti kabla ya siku alizopewa kwisha. Jumatatu darasa la kwanza litaamka bila ya mtu wa kuwaimbisha irabu. Mwalimu mkuu ataazima pikipiki azunguke vitongojini kumtafuta mhitimu mwingine aliye nyumbani, na hatamaliza vitongoji viwili kabla ya kupata watatu wa kuchagua. Naye, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, atamwambia kila mmoja aandike barua ya kuomba nafasi ya kujitolea, na aambatishe nakala za vyeti zilizogongwa muhuri.